Baiskeli ya Njia Tatu

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Kwa miaka mingi niliiamini methali hii bila ya kuipima. Leo naikubali nusu. Mvivu huchagua jembe ili apate udhuru wa kutolima. Lakini mkulima mwangalifu huchagua jembe kwa sababu anaujua udongo wa shamba lake. Baiskeli ndiyo iliyonifunza tofauti hiyo.

Nakaa Kayole, katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, na njia zangu ni tatu. Ya kwanza ni vichochoro vya mtaani, ambavyo ni vumbi wakati wa kiangazi na matope meusi yanatayo kama ulimbo wakati wa masika. Ya pili ni lami ipitayo Donholm na Barabara ya Jogoo kuelekea viwandani, ninakofanya kazi. Huko matatu na malori hayamwonei mpanda baiskeli huruma. Ya tatu ni Barabara ya Kangundo, niifuatayo mara moja kwa mwezi kwenda Tala kumwamkia mama yangu, na mwisho wake ni njia ya changarawe na makorongo.

Baiskeli yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa ya mashindano, nyepesi, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume, na tairi za milimita 23, upana wa kidole gumba. Ilikula akiba yangu ya mwaka mzima. Vijana wa mtaa waliisifu, nami nikavimba kichwa. Alfajiri moja ya mvua, gurudumu la mbele lilizama katika upenyo wa kifuniko cha mtaro, nikarushwa katikati ya barabara. Lori lililokuwa nyuma yangu lilisimama hatua mbili kutoka nilipolala. Nilivunjika mkono; wiki sita sikwenda kazini, na kodi ya nyumba haikunisubiri. Lakini kilichoniuma zaidi ni swali la mama yangu: "Mwanangu, ulinunua baiskeli ya kupanda, au ya kutazamwa?" Sikuwa na jibu.

Nilipopona, rafiki yangu alinishauri ninunue baiskeli ile kongwe ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Siidharau hata kidogo. Hubeba magunia na mitungi ya maji, na kila fundi anaijua. Lakini uzito wake hupita kilo 20, haina gia za kupandia mlima, na breki zake za vyuma hulegea rimu zikilowa.

Baina ya hizo mbili iko baiskeli ya changarawe. Usukani wake hufanana na wa baiskeli ya mashindano, lakini tairi zake ni pana, aghalabu milimita 38 hadi 45. Tairi pana huhitaji upepo wa nguvu kidogo, kwa hiyo hulalia mawe badala ya kuyagonga, na haizami upesi katika nyufa. Mwaka 2021 mashindano ya baiskeli hizi yaitwayo Migration Gravel Race yalifanyika kwa mara ya kwanza katika nyika za Maasai Mara. Mkenya Sule Kangangi, aliyesifika katika mchezo huo, alianguka na kufariki mashindanoni huko Vermont, Marekani, tarehe 27 Agosti 2022. Alikuwa bingwa, wala chombo chake hakikuwa duni. Kifo chake hunikumbusha kwamba hakuna baiskeli imwondoleayo mpandaji wajibu wa kujihadhari.

Safari hii sikununua kwa macho. Nilimwendea kwanza mzee mmoja, fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu, nikamweleza njia zangu tatu. Aliniuliza, "Kijana, itakapoharibika, nani ataitengeneza?" Swali hilo liliamua mengi. Nilichagua fremu ya chuma, kwa sababu chuma kikivunjika mafundi wa jua kali huweza kukichomelea. Nilichagua breki za sahani zivutwazo kwa waya, si kwa mafuta, kwa kuwa waya hupatikana popote. Nilitazama nafasi baina ya tairi na fremu, matope yapate pa kupita. Na matundu ya kufungia keria, mzigo wa mama upate pa kukaa. Rangi niliitazama mwisho. Ilikuwa imechubuka, kwani ilikuwa baiskeli ya mtumba, nami sikujali.

Juu ya lami, wenye tairi nyembamba hunipita. Kwa kubeba mizigo, Black Mamba hunishinda. Katika matope mazito, nashuka na kuikokota kama wengine. Lakini haijapata kunitupa katika hata moja ya njia zangu tatu, na kila mwezi mama yangu huisikia kengele yake langoni.

Nawe msomaji kijana, utachagua vingi kabla ya uzee: chombo, kazi, rafiki. Usipime kitu kwa kipande cha njia kilicho kizuri, kwa maana hapo kila kitu hufaa. Kipime kwa kipande kibaya kuliko vyote, kisha uulize nani atakusaidia kukitengeneza.