Injini Haikuzima

Jioni moja nikiwa likizoni nyumbani Sikuda, kaka yangu alipiga simu kutoka Soroti, anakosomea urubani. Alikuwa na furaha. Siku hiyo yeye na mwalimu wake walikuwa wameipeleka Cessna 172 kwenye "stoli" makusudi mara tatu, wakaitoa. Mama alikuwa uani na mwenzake wa biashara ya omena kutoka Busia ya Kenya. Akaniuliza kwa Kiswahili, ili mgeni naye asikie, kijana anasemaje. Mimi, mwanafunzi wa Kiswahili, nikajibu haraka: "Anasema leo ndege imezima hewani mara tatu." Neno "makusudi" nikalisahau kabisa.

Mgeni akashika kichwa. Mama akanyamaza. Kesho yake asubuhi akasema yule mtoto arudi nyumbani, ada ya muhula ujao hailipwi. Tulikuwa tumeshauza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada hiyo.

Nilikuwa nimetafsiri nikifikiria gari. Gari likizima, injini imekufa. Stoli ya ndege ni jambo jingine: injini inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zote na ndege ikaanguka vilevile. Kinachoshindwa ni bawa. Chuo kile cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini lugha ya urubani ni Kiingereza, na sisi tunaokaa karibu nacho tunaokoteza maneno.

Kaka alipokuja hakubishana na mama. Tulipanda teksi pamoja kwenda Tororo, na gari liliposhika kasi akamwambia, "Mama, toa mkono dirishani. Laza kiganja." Mama akatoa. "Sasa inua kidogo upande wa mbele." Mkono ukapanda wenyewe. "Inua zaidi." Mkono ukasukumwa nyuma, ukaacha kupanda.

"Hapo hewa imeliacha bawa," kaka akasema. "Rubani afanye nini?"

Mama akakilaza kiganja bila kuambiwa.

Kwa mabawa mengi ya ndege ndogo, hewa huachana nayo pembe ikifika nyuzi 15 au 16 hivi. Mtu anayeona anaanguka hutaka kuvuta usukani ili pua inuke, na kumbe kuvuta ndiko kunakozidisha. Lazima usukume pua chini, kuelekea ardhi ile ile unayoiogopa. Bawa moja likiachwa zaidi ya jingine, ndege huzunguka kama pia huku ikishuka. Hapo rubani hupunguza nguvu za injini, hukanyaga pedali iliyo kinyume na mzunguko, kisha husukuma usukani mbele. Kona kali ni mtego mwingine. Ndege ikiinama upande nyuzi 60 bila kushuka, mwendo ambao hewa huliacha bawa hupanda kwa karibu asilimia 40.

Dereva alikuwa amepunguza redio. Mama akauliza, "Na ikitokea mko chini?"

Kaka alikawia kujibu. "Chini hakuna nafasi, Mama. Ndiyo maana tunaizoea juu, tuitambue kabla haijafika."

Mama aliurudisha mkono ndani, akafunga dirisha. Ada ililipwa. Lakini mpaka leo, kila kaka akipiga simu, kabla ya salamu mama humwuliza: "Hewa haijakuacha?"