Chumvi Inayobaki Inakwenda Wapi?



Mwaka huu, sisi mafrateri wa falsafa tulikutana na Aristotle akieleza kwamba maji ya bahari yakigeuka mvuke huwa matamu, na mvuke huo ukipoa haurudi kuwa maji ya chumvi. Ni maneno ya zaidi ya miaka 2300 iliyopita, na ndiyo mzizi wa mitambo inayochemsha maji ya bahari leo. Mingine haichemshi, bali huyasukuma maji kwa nguvu kwenye chujio jembamba mno. Lakini ile chumvi inayobaki inakwenda wapi?

Inarudi baharini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa wa mwaka 2019 ulikadiria kuwa kila siku mitambo duniani hutoa mita za ujazo milioni 95 za maji matamu, na milioni 142 za maji ya chumvi kali. Zaidi ya nusu ya mabaki hayo hutoka Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Kuwait na Qatar.

Huko wako vijana wa parokia zetu, wanafanya kazi za nyumbani, za ulinzi, za ujenzi. Maji ya chai yao, kwa sehemu kubwa, ni ya mitambo hiyo, maana Kuwait na Qatar hazina mto wa kudumu hata mmoja. Kwa hiyo hatuandiki kuilaani mitambo. Mwenye kiu apewe maji.

Tatizo ni uzito. Maji yenye chumvi nyingi huzama, yakatambaa juu ya sakafu ya bahari kama asali chini ya glasi. Yasipochanganyika na maji ya juu, hewa ya oksijeni hupungua huko chini. Samaki huweza kuhama. Majani ya bahari hayana miguu. Katika Mediteranea yapo majani yaitwayo Posidonia, yanayosambaa kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na ongezeko dogo la chumvi huyadhoofisha. Karibu na bomba la mtambo wa Alicante, Hispania, jamii ya kiti cha pweza na wale wa miiba wanaochoma miguu ya wavuvi walitoweka. Baadaye mabaki yakaanza kuchanganywa na maji ya bahari kabla ya kumwagwa, na viumbe wakaanza kurudi.

Hapo ndipo darasa letu lilipowaka moto. Mtakatifu Thomas wa Akwino anatufundisha kuhusu tendo lenye matokeo mawili, moja likikusudiwa na jingine likiwa nje ya kusudi. Wengine wetu walisema basi, maji ndiyo kusudi, majani yavumiliwe. Sisi tulio wengi tunaona hoja hiyo inachechemea. Thomas huyohuyo anadai nguvu inayotumika isizidi inayohitajika. Kama kuna namna ya kuyapunguza makali, kwa kuchanganya au kwa mabomba yenye matundu mengi yanayotawanya chumvi, kuiacha kwa sababu ya gharama ni uchaguzi, wala si bahati mbaya.

Frateri mmoja akauliza: gharama hiyo ikiongezwa kwenye bili ya maji, si itamwangukia yule kijana wa ujenzi? Kengele ya masifu ya jioni ikalia kabla hatujamjibu.