Si Mzizi, ni Tawi

Wahenga walinena kuwa mwacha asili ni mtumwa. Methali hii humkanya anayeupa kisogo utamaduni wake. Ipo, hata hivyo, jamii ya Kiafrika iliyotwikwa asili ya binadamu wote hadi ikanyimwa nafasi katika wakati wa sasa. Hao ni Wakhoe-San wa kusini mwa Afrika: Wasan, ambao kijadi walikuwa wawindaji na wachumaji wa matunda na mizizi, pamoja na Wakhoekhoe waliofuga mifugo. Hata jina hilo la pamoja si lao. Lilibuniwa na Mjerumani Leonhard Schultze mwaka wa 1928.

Sarah Baartman, binti wa Kikhoekhoe, aliyaonja machungu ya mtazamo huo. Alipelekwa London mwaka wa 1810, akaonyeshwa kwa kiingilio kana kwamba ni kiumbe wa ajabu. Alifariki Paris mwaka wa 1815, lakini mifupa yake ilibaki katika makumbusho. Ni mwaka wa 2002 tu alipozikwa kwao.

Sayansi ya chembe za urithi imeyapindua madai ya waliomdhalilisha. Uchunguzi wa jenomu uliochapishwa mwaka wa 2010 ulibaini kwamba, kwa wastani, Wasan wawili hutofautiana kuliko Mzungu na Mwasia. Sababu ni kwamba mababu zao walikuwa wengi kwa muda mrefu, ilhali waliohama Afrika walikuwa wachache, mithili ya mkulima aondokaye ghalani na kibaba kimoja cha mbegu. Mwaka wa 2017, mabaki ya mvulana wa Ballito Bay, aliyeishi yapata miaka 2,000 iliyopita, yaliwawezesha watafiti kukadiria kuwa ukoo huo ulitengana na koo nyingine kati ya miaka 350,000 na 260,000 iliyopita.

Hapa ndipo msomaji huteleza, akadhani kuwa Wakhoe-San ndio babu zetu walio hai. La hasha! Matawi mawili yanapoachana, yote huendelea kukua. Wakhoe-San wameishi miaka ile ile waliyoishi Wachina na Waluo, nao wamebadilika. Wanama, kwa mfano, wana chembe za urithi za wafugaji wa Afrika Mashariki waliofika kusini yapata miaka 2,000 iliyopita. Miongoni mwa urithi huo ni uwezo wa mtu mzima kumeng'enya maziwa. Watu wa namna hiyo si mzizi uliofukiwa ardhini. Ni tawi lenye historia yake.

Wasan wenyewe wamelisema hilo. Viongozi wao walilalamika kuwa watafiti wa mwaka wa 2010 waliwaendea watu binafsi bila ya kuushauri uongozi wa jamii. Mwaka wa 2017, Wasan wa Afrika Kusini walitoa kanuni zao za maadili ya utafiti, wakidai heshima, uaminifu, haki na kujaliwa. Damu yao haitachukuliwa tena bila ya hodi.

Dai hilo linaihusu lugha pia. Anayewaita Wakhoe-San "masalia ya kale", hata kwa nia ya kuwasifu, humrejesha Baartman katika kabati la makumbusho.