Namba Iliyoandikwa kwenye Kasha

Kwa sisi tulioanza kununua kompyuta katika miaka ya 1990, swali lilikuwa moja: ina megahezi ngapi? Muuzaji aliulizwa hivyo, matangazo ya magazetini yaliandikwa hivyo, na ofisi iliyotangaza zabuni iliiweka namba hiyo juu kabisa ya orodha ya mahitaji. Haukuwa ujinga. Intel ilipotoa Pentium ya kwanza mwaka 1993, ilikuwa na megahezi 60 au 66, yaani mapigo milioni 60 au 66 kwa sekunde. Machi 2000 AMD wakafikisha Athlon ya gigahezi 1, na Intel wakafuata siku chache baadaye. Katika miaka saba mapigo yaliongezeka zaidi ya mara kumi na tano, na programu zilezile zikaenda mbio zaidi bila mtu kuzigusa. Aliyefuata namba hiyo wakati ule alinunua vizuri. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba tangu hapo kila kipimo tulichofundishwa kimeanza kupotosha karibu wakati uleule tulipokizoea. Ujanja wa wauzaji umechangia, lakini sababu kubwa iko ndani ya mashine yenyewe: kompyuta huenda kwa mwendo wa sehemu yake inayochelewa kuliko zote, na sehemu hiyo imekuwa ikihamahama.

Pentium 4 ndiyo iliyoanza kututia shaka. Ilitoka Novemba 2000 ikiwa na gigahezi 1.4 na 1.5, lakini katika vipimo vingi ilikwenda sambamba na Athlon ya gigahezi 1.2, na mara nyingine ikaachwa nyuma. Wahandisi wa Intel walikuwa wameigawa kazi ya kila amri katika hatua ndogondogo 20, karibu maradufu ya zile za Pentium III, ili kila hatua iwe fupi na mapigo yaweze kupandishwa. Mapigo yalipanda kweli, ila kazi iliyokamilika katika kila pigo ilipungua, na kila prosesa ilipobashiri vibaya amri inayofuata ililazimika kutupa kazi ya hatua nyingi na kuanza upya. AMD walipoona kwamba wateja wanawahukumu kwa megahezi, mwaka 2001 waliacha kuuza kwa mapigo. Athlon XP iliyoitwa 1800+ ilikuwa na gigahezi 1.53 tu. Wengi tuliuona huo kuwa ujanja wa sokoni, na kwa kiasi ulikuwa ujanja kweli, lakini namba ile ya kubuni ilimsaidia mnunuzi kuliko namba halisi ya mshindani. Kufikia 2004 Pentium 4 ilikuwa na hatua 31, ikila zaidi ya wati 100, na Oktoba ya mwaka huo Intel ikafuta mpango wake wa kutoa ya gigahezi 4. Joto lilikuwa limeizuia njia. Miaka miwili baadaye Intel hiyohiyo ilitoa Core 2 Duo, na ile ya gigahezi 2.4, iliyouzwa dola 316, iliishinda Pentium Extreme Edition ya gigahezi 3.73 iliyouzwa dola 999. Sijui mfano mwingine katika biashara hii unaoonyesha waziwazi kiasi hicho kwamba namba kubwa na bei kubwa vinaweza kuandamana na kazi ndogo.

Baada ya hapo tukaambiwa tuhesabu viini, yaani prosesa zilizowekwa pamoja ndani ya kipande kimoja. Viwili, vinne, vinane, na kwenye seva zaidi: EPYC ya AMD ya mwaka 2017 ilifika viini 32, na ile ya 2019 viini 64. Kwa seva inayohudumia watu mia tano kwa wakati mmoja, kila mmoja na ombi lake, viini vingi ni faida ya kweli, kwa sababu maombi hayo hayategemeani. Kwa mhasibu anayesubiri jedwali lake likokotolewe, faida inakwisha mapema. Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilieleza hilo tangu 1967: ikiwa sehemu ya kumi ya kazi haiwezi kugawanywa, hata ukiongeza viini elfu moja hutapata kasi ya mara kumi. Hesabu hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka 40 siku viini viwili vilipoanza kuuzwa madukani, na bado ofisi nyingi zililipia viini ambavyo programu zao hazikuwa na namna ya kuvitumia.

Lakini kosa lililotugharimu zaidi, kwa maoni yangu, halikuwa la prosesa hata kidogo. Lilikuwa la diski. Kwa miaka mingi diski tuliinunua kwa ujazo: gigabaiti 40, 80, 500, kisha terabaiti. Hakuna aliyeuliza inajibu maombi mangapi kwa sekunde, na muuzaji hakuwa na sababu ya kuitaja namba hiyo, kwa kuwa ilikuwa ya aibu. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutumia wastani wa zaidi ya milisekunde 4 kusubiri sehemu inayotakiwa izunguke ifike chini ya kichwa cha kusomea, na kama milisekunde 8 au 9 nyingine kuusogeza mkono wenye kichwa hicho. Jumlisha, utapata usomaji usiofika mara mia kwa sekunde pale data inapokuwa imetawanyika. Prosesa yenye uwezo wa mabilioni ya mapigo ilikaa ikisubiri, kama mpishi hodari aliyepewa jiko kubwa na mtu wa kumletea maji kikombe kimoja kimoja kutoka kisimani. Intel ilipotoa SSD yake ya X25-M, diski isiyo na sahani wala mkono, Septemba 2008, ikitangazwa kuwa na uwezo wa kusoma hadi mara 35,000 kwa sekunde, tofauti haikuwa ya asilimia ishirini au thelathini tuliyoizoea kila prosesa mpya ilipotoka. Ilikuwa ya mamia ya mara. Bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 595 kwa gigabaiti 80, kwa hiyo nakiri mtu wa kawaida hakuwa na la kufanya. Bei ziliposhuka katika muongo uliofuata, bado duka liliendelea kuonyesha laptopu mpya yenye prosesa mpya na diski ya sahani ya terabaiti 1, na mteja akaichukua kwa sababu terabaiti 1 ni kubwa kuliko gigabaiti 256. Akaibeba nyumbani mashine iliyochukua dakika kadhaa kuwaka.

RAM nayo ilikuwa na mitego yake. Zama za Windows XP, na hata baadaye, watu walijaza gigabaiti 4 kwenye mashine za biti 32 ambazo ziliweza kuona gigabaiti 3 na ushee tu. Tuyaache hayo. Kubwa zaidi ni kwamba RAM huongeza kasi hadi pale inapotosheleza kazi, na ikishatosheleza haiongezi kitu. Mashine inayotumia gigabaiti 6 haitabadilika ukiipandisha kutoka 16 hadi 64. Isipotosheleza, huanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo tunarudi kwa yule mpishi.

Walioielewa hesabu hii mapema kuliko wengine hawakuwa watengenezaji wa mashine. Mwaka 2003 Luiz André Barroso, Jeffrey Dean na Urs Hölzle wa Google walichapisha maelezo ya namna kampuni yao ilivyoendesha utafutaji kwa zaidi ya kompyuta 15,000 za kawaida, za aina ambayo ofisi yoyote ingeweza kununua. Walilinganisha mambo mawili. Kabati moja la seva 88 zenye jumla ya prosesa 176, gigabaiti 176 za RAM na terabaiti 7 za diski liligharimu kama dola 278,000. Seva moja kubwa ya kifahari yenye prosesa nane za aina hiyohiyo, gigabaiti 64 za RAM na terabaiti 8 iligharimu kama dola 758,000. Fedha nyingi za ile kubwa zilikwenda kununua njia za kasi kati ya prosesa, na uhakika. Google waliona kwamba uhakika huo wangeweza kuutengeneza kwa programu, kwa kuweka nakala ya kila kitu katika mashine kadhaa na kukubali kwamba baadhi zitakufa kila siku. Wengi walioisoma habari hiyo walitoka na funzo kwamba rahisi ndiyo bora. Sidhani hivyo. Uamuzi ule ulifaa kwa sababu kazi ya utafutaji inagawanyika vizuri na kwa sababu walikuwa na wahandisi wa kuandika programu ya kuvumilia ajali. Hospitali yenye seva moja ya kumbukumbu za wagonjwa haina wahandisi hao. Utafiti uliofanywa baadaye kwenye seva za Google zenyewe na kuchapishwa 2009 ulionyesha kwamba kila mwaka karibu theluthi moja ya mashine zilipata walau kosa moja la RAM la aina inayoweza kusahihishwa. Kwa mwenye seva moja, RAM inayojisahihisha, ambayo kompyuta nyingi za bei nafuu hazina, ina thamani kuliko gigahezi yoyote.

Kipimo kilichochelewa zaidi kutufikia ni wati, na huku kwetu kingepaswa kuwa cha kwanza. Seva za mtumba zinazoondolewa kwenye vituo vya data vya Ulaya na Ghuba huuzwa kwa bei inayovutia, zikiwa na prosesa mbili na RAM tele. Chukua moja inayokula wastani wa wati 200, ikiwaka usiku na mchana mwaka mzima. Hizo ni uniti 1,752. Kwa shilingi 350 kwa uniti, bei iliyo karibu na anayolipa mteja wa kawaida wa TANESCO pamoja na kodi, inafika zaidi ya shilingi 613,000 kwa mwaka. Mashine ndogo ya kisasa inayofanya kazi hiyohiyo kwa wati 40 itakula kama shilingi 123,000. Kwa miaka mitatu tofauti inakaribia milioni moja na nusu, kabla hujahesabu kiyoyozi cha kuondoa joto wala betri kubwa zaidi za kushikilia umeme unapokatika. Barroso na Hölzle waliandika tena 2007 kwamba seva nyingi hutumika kati ya asilimia 10 na 50 ya uwezo wake, huku zikiendelea kula umeme mwingi hata zikiwa hazina kazi nzito. Kwa hiyo anayenunua uwezo wa ziada "kwa ajili ya baadaye" huanza kuulipia tangu siku ya kwanza.

Hapo mtu atanishika: kumbe mtumba ni hasara, basi tununue vipya tu? Kwa seva inayowaka saa 24, mara nyingi ndiyo. Kwa laptopu inayowaka saa nane na kula wati chache, hesabu inageuka. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa madukani mara nyingi huwa na Celeron ya viini viwili, gigabaiti 4 za RAM zilizobandikwa moja kwa moja kwenye bodi na gigabaiti 64 za hifadhi ya polepole. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 iliyotoka kwenye kampuni fulani Ulaya, moja ya zile ambazo Nairobi huitwa ex-UK, kwa kawaida ina viini vinne, nafasi mbili za RAM na SSD inayobadilishwa na fundi yeyote wa Kariakoo. Ni mashine bora, hata ikiwa na mikwaruzo. Pingamizi lenye uzito ni la programu: Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haikubali prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. T480 yenye prosesa ya kizazi hicho inapita; nduguye wa mwaka mmoja nyuma hapiti, ingawa Linux itamhudumia miaka mingi. Hiyo ndiyo namba ninayoiona ya maana kwenye mtumba leo, na ni nadra kuandikwa kwenye karatasi ya bei.

Pingamizi la pili ni kwamba mambo haya yamepitwa, kwa kuwa siku hizi seva hukodiwa. Amazon walianza kukodisha Agosti 2006 kwa senti 10 za dola kwa saa, na tangu Aprili 2020 wana kituo Cape Town. Kukodi kunafaa sana kwa mzigo unaopanda na kushuka, au kwa anayeanza asiyejua atapata wateja wangapi. Lakini namba ya kwenye kasha imehamia kwenye orodha ya bei. Katika mashine nyingi za kukodi zenye prosesa za Intel, unachouziwa kama prosesa moja ni nusu ya kiini, yaani mkondo mmoja kati ya miwili inayogombania kiini hichohicho. Na senti 10 kwa saa, mashine ikiwaka mwaka mzima, ni dola 876.

Wengine husema mnunuzi wa kawaida anahitaji namba moja rahisi, hawezi kuwa mhandisi. Nawaelewa, lakini namba hiyo mnunuzi anayo tayari, ila haijaandikwa dukani. Kabla hujatoa fedha, ifungulie mashine yako ya sasa kazi inayokuudhi, kisha tazama kwenye kifuatilia kazi kilichomo ndani yake ni kipi kimefika asilimia 100: prosesa, RAM au diski. Kilichofika hapo ndicho ukanunue, na kama hakuna kilichofika, tatizo lako huenda liko kwenye mtandao au kwenye programu yenyewe. Fedha zako zibaki mfukoni.