Nasaba ya Farasi

Kiranjeranje si nchi ya farasi. Ni nchi ya ufuta, mihogo na korosho, kusini ya Kilwa, kando ya barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, na pori lake lina mwenyewe, naye ni mbung'o. Katikati ya miaka ya 1890 David Bruce, daktari wa jeshi la Kiingereza aliyekuwa katika nchi ya Wazulu, alithibitisha kuwa maradhi yanayowamaliza ng'ombe na farasi huletwa na kijidudu cha damu kinachochukuliwa na inzi huyo. Watu wa pwani ya kusini hawakungoja darubini. Wao walikuwa wakiwaona wanyama wanavyokonda, wanavyolegea miguu, wanavyokufa. Livingstone naye aliyaona alipoteremka Mikindani mwezi Machi 1866 akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, akitaka kujua ni mnyama gani atakayestahimili. Kwa kuumwa na mbung'o na kwa mateso ya walinzi waliowaswaga, wanyama wale walianza kufa mmoja baada ya mmoja katika njia ya Ruvuma. Farasi hakujisumbua kumleta.

Hata hivyo mtoto aliyelelewa Kiranjeranje na bibi mpenda tenzi humjua farasi kabla ya kujua kusoma. Humjua kwa sikio. Katika Utendi wa Tambuka, ulioandikwa na Mwengo wa Athumani kwa amri ya mfalme wa Pate na wenye nakala ya mwaka 1728, majeshi ya Waislamu na ya Herekali wa Rumi yanakutana huko Shamu, na farasi wamejaa humo kama mawimbi ya kusi. Wamo pia katika Ras il-Ghuli. Washairi wetu walimtia farasi lijamu, wakamfunga seruji, wakamtimulia vumbi mpaka likaziba jua, katika pwani ambayo msikilizaji wake wa kawaida hakupata kumwona mnyama huyo hata mara moja. Hapana shaka Unguja walikuwapo. Sayyida Salme bint Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, amewataja farasi wa jumba la Mtoni na punda weupe wa Maskati. Lakini hao walikuwa farasi wa wafalme, na bahari ya kutoka Mtoni hadi Kilwa ni pana kwa mnyama wa namna ile. Farasi wa Kiranjeranje alibaki kuwa wa mizani nane. Alikula vina, akalala katika kumbukumbu ya vikongwe, na mbung'o hakumpata.

Kijana mmoja wa hapo, mjukuu wa bibi wa namna hiyo, alikwenda baharini kama walivyokwenda wengi kabla yake, ila hakwenda kwa jahazi. Aliajiriwa kuwa mhudumu wa vyumba katika meli kubwa ya watalii izungukayo visiwa vya Karibi. Kazi yake ilikuwa kutandika vitanda, kukunja taulo kwa umbo la bata, na kusema ahsante kwa bakshishi, ambayo katika kazi ile ndiyo nusu ya riziki na, ukitazama vyema, ndiyo nusu ya adabu pia. Kila bandari abiria hushuka kwa matembezi waliyoyalipia: wengine hupanda milima, wengine hupiga mbizi, wengine hupanda farasi. Huko Jamaica, karibu na mji wa Ocho Rios, farasi huongozwa hadi ufukweni, seruji huvuliwa, na wageni hupelekwa nao baharini, mnyama akiogelea na mtu akiwa mgongoni. Siku moja ya mwaka 2006 kijana huyu alipewa nafasi ya kuandamana na kundi kama msindikizaji. Farasi mmoja alikosa mpandaji, bibi mmoja wa Kimarekani akiwa amevunjika moyo alipomwona kwa karibu. Saisi akamwashiria kijana apande yeye.

Alitazamia fahari na upepo, vumbi likitimka. Lililomfikia kwanza ni harufu: jasho, nyasi zilizotafunwa, ngozi iliyokaa juani. Hakuna utenzi uliomwonya. Wala hakujua kuwa ngozi ya farasi hutetemeka mahali padogo tu, pale inzi alipotua, huku mwili wote ukiwa umetulia. Kwa mtoto wa nchi ya mbung'o hilo lilimshtua kuliko ukubwa wa mnyama. Akataka kumpiga yule inzi, kisha akakumbuka kwamba huku inzi ni inzi tu.

Saisi alikuwa mtu mzima, mrefu, mweusi, amefunga kitambaa kichwani. Alishika kamba akatangulia majini. Maji yalipofika kifuani mwa farasi mnyama alisita, akapuliza pua, kisha ardhi ikamtoka miguuni na mgongo ukazama. Hapo ndipo kijana alipoelewa kwa nini aliambiwa ainame mbele na kushika singa za shingo: chini yake hapakuwa tena na kiti, palikuwa na kitu kinachopiga makasia. Miguu minne ilichapa maji kwa mpigo mmoja usiokatika, na kila pumzi ilitoka kwa kishindo, kama mtu apasuaye kuni. Kijana aliyekulia karibu na bahari, anayejua ngalawa na mashua, alijikuta akihesabu pumzi zile, na hesabu haikulingana na utenzi wowote aliousikia.

Waliporudi mchangani saisi alimwuliza atokako. Akasema Afrika, Tanzania, Kilwa. Jina la Kilwa halikumgusa yule mtu popote. Akauliza: "Kwenu kuna farasi, ndugu yangu?"

"Wapo," akajibu kijana. "Wamo katika mashairi."

Saisi alicheka sana, kisha akaanza kumsifu mnyama wake. Huyu si farasi wa kubeba watalii tu, alisema. Katika ujana wake alishindana mbio Caymanas Park. Akataja jina la baba wa farasi yule, akataja la babu, akasema cheti kipo ofisini, anayetaka akasome. Kijana, kwa desturi za kwao ambako kumwuliza mtu ukoo wake ni sehemu ya kumwamkia, akamwuliza: Na wewe je, wazee wako walitoka wapi? Saisi akanyoosha mkono kuelekea baharini, mahali popote.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Farasi wa mbio wa aina ile wana daftari la nasaba lililoanza kuchapwa Uingereza mwaka 1791, na kwa upande wa baba wote hurejea kwa madume watatu walioletwa kutoka nchi za Mashariki. Mmoja wao alinunuliwa Halab, katika Shamu, akafikishwa Uingereza mwaka 1704, miaka 24 kabla ya tarehe ya nakala ile ya Tambuka. Kwa hiyo farasi aliyempeleka kijana baharini yamkini alikuwa na damu ya farasi wa nchi ile ile aliyoisikia kwa bibi yake. Mnyama wa utenzi alikuwapo, na hati zake zilikuwa kamili.

Mwaka huo huo wa 1791, mwezi Agosti, watumwa wa Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, waliinuka na kuyachoma mashamba ya miwa. Wengi wa waliopelekwa kule walitoka magharibi na kati ya Afrika, na ndivyo ilivyokuwa Jamaica pia. Lakini katika miongo ya mwisho wamo waliotoka pwani yetu. Mwezi Septemba 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa, apewe watu 1000 kila mwaka kwa piastre 20 kila mmoja. Walichukuliwa hasa kwenda Morisi na Bourbon, na baadhi ya watu wa pwani hii walivushwa Rasi ya Tumaini Jema mpaka Karibi. Mkataba umetaja idadi, umetaja bei. Majina hayamo. Tarihi ya Kilwa inawapanga masultani baba kwa mwana, na daftari la Waingereza linawapanga farasi baba kwa mwana. Kati ya madaftari hayo mawili hakuna ukurasa wa yule aliyeshika kamba.

Kijana hakuyajua hayo siku ile. Alilolijua ni kwamba ilimpasa kutoa bakshishi. Alikuwa na noti ya dola kumi, bakshishi ya chumba kimoja kwa safari nzima, akaikunja mara nne na kuipitisha kiganjani kwa kiganja, kama abiria wanavyompa yeye. Saisi akaipokea bila kuitazama, akainamisha kichwa kidogo, akasema ahsante kwa sauti ambayo kijana aliitambua mara moja, kwa kuwa ni yake mwenyewe. Wakaepushana macho. Siku mbili baadaye meli ilitia nanga Labadee, ufukwe uliozungushiwa ua kaskazini mwa Haiti, si mbali na mji wa Cap-Haïtien. Abiria hawakuruhusiwa kuvuka ua. Yeye hakushuka kabisa. Alikuwa na vitanda vya kutandika.

Mkataba wake ulipokwisha alirudi nyumbani kwa basi, akivuka Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Bibi alikuwa amekwisha kufariki. Aliyebaki na tenzi zake ni mjomba, aliyekuwa hodari wa kughani na mgumu wa kuamini. Barazani vijana walitaka kusikia habari za meli, ghorofa zake na vyakula vyake. Mjomba alingoja wote watawanyike.

"Yule saisi," akasema, "ni wa ukoo gani?"

"Hajui, mjomba."

"Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza. Alinionyesha bahari."

Mjomba alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza habari za farasi, na kijana akamtajia jina la baba yake na la babu yake, ya Kiingereza yote mawili. Mzee akayarudia polepole, kama mtu apimaye mizani, akatikisa kichwa kwamba hayana vina. Akasogea karibu, akamtaka mpwawe amweleze tena, bila haraka, jinsi mnyama yule alivyokuwa akipumua majini.