Niliitwa Mbele ya Akina Mama

Mimi ni karani wa parokia huku Kagera. Nilisoma chuo cha ualimu, hesabu nazijua, na watu wa kijiji huja kwangu kuandikiwa barua. Kwa hiyo akina mama wa mtaa wetu walipotaka kuandikisha kikundi chao cha kuweka na kukopa, kama inavyotakiwa tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mimi ndiye niliyewajazia karatasi. Nami nikajiona kuwa mlezi wao. Someni, mwone mlezi alivyofanya.

Kwanza niwaeleze wale wasiokijua kikundi cha namna hii. Mama 25 hukutana kila Alhamisi saa kumi jioni. Kila mmoja hununua hisa, moja kwa shilingi 2,000, asizidi tano kwa mara moja. Tena hutoa shilingi 500 za mfuko wa jamii, ndizo za kumsaidia mwenye msiba au ugonjwa. Fedha huhesabiwa mbele ya wote na kufungwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa mama watatu, na yule anayelaza sanduku nyumbani mwake hana ufunguo hata mmoja. Kabla ya kutawanyika wote hutamka kwa sauti kiasi kilichomo, ili hata asiyejua kusoma aondoke nacho kichwani. Mama aweza kukopa mpaka mara tatu ya akiba yake, kwa riba ya shilingi 5 katika kila 100 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka hugawana yote, akiba na faida, kisha huanza upya. Utaratibu huu haukutoka kwa wenye benki. Ulianza kwa akina mama wa vijiji vya Maradi, katika nchi ya Niger, mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, na wengi wao hawakujua kuandika. Baadaye ukaenea hata ukafika kwetu.

Basi, huku kwetu kahawa ni mali ya baba. Mama huipalilia, huichuma na kuianika, lakini fedha hupokea baba. Tena miezi ya shida ikifika, wako wenye fedha wanaozunguka kununua kahawa ingali mtini kwa bei ya kutupa. Ndiyo butura, nayo imekatazwa na serikali.

Mwaka mmoja nilimwambia mama watoto akope shilingi 300,000, nikidai ni za kuezeka jiko. Akakopa. Nami nikaenda kwa jirani aliyebanwa na deni, nikanunua kahawa yake ingali maua. Nikapiga hesabu kwamba msimu ukifika nitapata mara mbili au zaidi. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Nilichosahau ni kwamba mke wa jirani alikuwa katika kikundi kile kile.

Mama yule hakuambiwa neno na mumewe. Alijua siku aliponikuta nahesabu miti shambani mwake. Alhamisi ile akasimama, akasema mbele ya wenzake. Mke wangu hakuwa na la kujibu, maana yeye alijua habari za jiko tu. Alirudi nyumbani hakulia wala hakunigombeza. Akaandaa chakula, akasema, "Baba, Alhamisi ijayo unaitwa."

Nilikwenda, nimejitayarisha kwa maneno ya kisomi. Mwenyekiti wao ni bibi asiyejua kuandika. Jina lake katika zile karatasi niliandika mimi. Akaniuliza, "Bwana karani, fedha ile ilikuwa ya nani?" Nikajibu, ya kikundi. Akamwonyesha mke wa jirani: "Na huyu ni nani?" Nikanyamaza.

Wakaamua hivi. Mke wa jirani akakopeshwa shilingi 300,000, akanirudishia pale pale, nami nikazirudisha sandukuni. Kahawa ikarudi kwa wenyewe. Riba ya miezi miwili, shilingi 30,000, wakasema nitoe mimi, si mke wangu. Niliuza majogoo wawili.

Msimu ulipofika mama yule alikwenda na mumewe kwenye mizani ya chama cha msingi, akasimama hapo mpaka mwisho. Alilipa deni lake lote, akabakiwa na fedha za sare na madaftari ya watoto. Sitaki kuwadanganya: mumewe alinuna siku nyingi, na habari ya nani ashike fedha za kahawa haijaisha katika nyumba ile mpaka leo. Wala si kila mama anafanikiwa. Wako wanaokopa kupita nguvu zao, na Alhamisi ikifika hawaonekani.

Siku hizi mke wangu ni mmoja wa wale washika funguo. Huuficha, sijui wapi. Juzi nilimwomba akope tena kwa ajili ya jiko, safari hii kwa kweli. Akasema atawauliza wenzake, na kwamba wakikubali, mabati atakwenda kununua yeye mwenyewe.