Udongo, Maji, Hewa na Moto

Hapana chombo cha udongo kisichokuwa mtoto wa wazazi wanne: udongo wenyewe, maji yaulainishayo, hewa iukaushayo na moto uupao nguvu. Empedocles, mwana wa hekima wa Wayunani wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alifundisha kuwa ulimwengu wote umefanyizwa kwa asili hizo nne. Mfinyanzi hahitaji kufundishwa hayo. Mikono yake yayajua.

Kati ya mwaka 1741 na 1742, huko Meissen, Ujerumani, Johann Joachim Kändler alifinyanga mabirika makubwa ya kaure, yaliyojaa mapambo, kila asili na birika lake. Katika lile la maji alimweka Neptune, mungu wa bahari. Katika lile la hewa, Juno. Kaure ya Meissen yenyewe ilizaliwa kifungoni. Augustus, mtawala wa Saxony, alimzuia Johann Friedrich Böttger ili amfanyizie dhahabu. Dhahabu haikupatikana; mwaka 1708 ikapatikana siri ya kaure, ambayo Wachina waliijua karne nyingi kabla, na ambayo vipande vyake vimefukuliwa hata Kilwa.

Mjini Babati, chini ya mlima Kwaraha, mwalimu mmoja alimpelekea bibi mfinyanzi picha ya mabirika hayo. Bibi alifuta mikono, akaitazama kitambo.

"Haya hutiwa nini, mwanangu?"

"Hayatiwi kitu, bibi. Hutazamwa tu."

"Na aliyeyafanya, jina lake lajulikana?"

"Lajulikana. Kazi zake aliziandika mwenyewe, na maandishi yapo hata leo."

Bibi akanyamaza. Nyuma yake mtungi ulikuwa ukitoka jasho.

Kaure huchomwa kwa moto upitao digrii 1,300, hata vinyweleo vyake vikazibika, wala tone halipiti. Vinyweleo vya mtungi hubaki wazi: maji hupenya kidogo kidogo, hewa huyachukua, na yaliyosalia ndani hupoa. Basi birika la Kändler huonyesha sura ya maji na hewa kwa nje. Mtungi wa bibi huviacha vifanye kazi. Si haki kukiita kimoja sanaa na kingine chombo tu.

Tofauti iliyo kubwa ni ile aliyoiuliza bibi. Udongo upi hupasuka, mchanga kiasi gani huchanganywa, siku ipi upepo haufai kuchomea: hayo yote yamo mikononi mwake, wala hayamo penginepo. Binti zake hawakuyashika, kwa kuwa ndoo ya plastiki huuzwa upesi kuliko mtungi.

Kesho yake mwalimu alirudi na daftari, akaketi kando ya lundo la udongo. Swali la kwanza alilouliza lilikuwa jina lake kamili. Maana kwa miaka yote hiyo mtaa mzima, na yeye pamoja nao, walikuwa wakimwita Bibi Vyungu.